Kebo Uliyoizika Milimani

Mzee,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki kuifunika kwa salamu ndefu. Mke wako, Mama Risper, hajambo. Mbuzi wako wamezaa. Joto la Kisumu ni lile lile. Salamu zimeisha.

Umekaa kule chini mwaka mmoja na miezi sasa, na kwa muda huo kila mtu mjini mwenye nyundo amekuwa fundi wa sinema za nyumbani. Ulikuwa ukisema watu wa Milimani wakiona jirani amefunga skrini kubwa ukutani, usingizi unawaruka. Sasa ugonjwa huo umeenea. Riat wanao, Mamboleo wanao, hata Otonglo yuko mwenye duka la mbolea aliyeniita nimtengenezee chumba cha kutazamia mpira, na chumba chenyewe kina dirisha linalotazama zizi. Niliifunga hiyo skrini. Ng'ombe wake wanaona mpira vizuri kuliko wageni.

Wateja, Mzee! Wanakuja na kebo zao kwenye mfuko. Wamezinunua kwa simu, ncha zimepakwa dhahabu, mwili umesukwa kwa uzi kama kamba ya beberu wa maonyesho ya kilimo. Wanazitoa polepole mbele yangu ili nishtuke. Nikiuliza kutoka kabati la mashine hadi kwenye skrini ni mita ngapi, hawajui. Nikiuliza ukuta ni wa mawe au matofali, hawajui, na ndio waliojenga. Mama mmoja wa Riat, wakili, aliniuliza kama paipu ya kupitishia kebo itaonekana baada ya plasta. Nikamwambia haitaonekana, itakuwa ndani ya ukuta.

"Sasa kama haionekani, ni ya nini?"

Wakili huyo. Watu wanamkabidhi maisha yao mahakamani.

Nilimweleza vile ulivyonieleza mimi, kwamba kebo ya picha si kama waya wa stima unaoweza kulala ukutani hadi wajukuu wazaliwe. Wanaotengeneza TV hubadilisha mambo kila baada ya miaka michache, na kebo ya jana hushindwa kubeba picha ya leo. Ukiweka paipu pana, na ukaacha kamba ndani yake, siku ya kubadilisha unafunga mpya kwenye kamba, unavuta, unaenda kunywa chai. Bila paipu unavunja nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia saa yake, akasema atamwita Injinia Kefa apate maoni ya pili.

Injinia Kefa. Ndiyo, ni yule yule. Ulimfundisha miezi minne, na siku alipojua kushika grainda ya kukatia ukuta akatoroka na glavu zako. Kwenye mazishi yako alichukua kipaza sauti akasema ulikuwa baba kwake. Alilia, Mzee, alilia mpaka mpiga video alipogeuza kamera kuelekea kwenye chakula, hapo akakauka kama dagaa wa omena aliyeanikwa saa nane mchana. Sasa ana pikapu. Imeandikwa "Injinia" ubavuni kwa herufi nyekundu, na chini yake jina lake, na chini yake picha ya TV ambayo aliyeichora hajawahi kuona TV.

Nikupe kazi yake moja tu ucheke huko uliko. Kulikuwa na nyumba nyingine huko Riat ambapo mashine iko mbali na skrini, kama mita ishirini hivi. Kebo ya kawaida ya shaba ingechoka njiani, kwa hivyo Kefa alichagua ile inayobeba picha kwa mwanga, ile ya faiba. Hapo alichagua sawa, nampa haki yake. Lakini kebo hiyo ina upande. Ncha moja ni ya mashine, nyingine ni ya skrini, na imechorwa mshale hata kipofu anaweza kuupapasa. Kefa aliivuta kinyume. Akaita mtu wa plasta, wakapaka, wakapiga rangi mara tatu. Mwenye nyumba akaalika wakwe kutoka Nakuru waje kutazama fainali, wakakaa na soda zao mbele ya skrini nyeusi tii. Kefa akawaambia TV ni feki. Wakanunua nyingine. Na ya pili ikawa feki!

Mimi nilipofika sikufungua hata begi. Nilisoma mshale.

"Vuta, washa, tazama, ndipo umwite mtu wa plasta." Uliniambia hivyo siku yangu ya kwanza na ukarudia miaka minane, mpaka nikawa nasaga meno nikisikia umeanza kusema "vuta". Ni maneno ambayo mtoto wa chekechea anaweza kuyashika. Kefa yalimshinda.

Nakwambia haya yote ili ujue nilikuwa na moyo gani Jumanne ile nilipoitwa Milimani.

Aliyeniita ni Bwana Tobias, yule aliyestaafu kazi ya bima. Mimi sikumjua. Alisema kwenye simu kwamba amenunua TV mpya, kubwa, na tangu aifunge picha inakuja na kwenda, na jokofu likinguruma inapotea kabisa. "Injinia Kefa yuko hapa tangu asubuhi," akasema, "lakini amesema hii imemshinda, nikuite wewe." Moyo wangu ulicheza. Nilijua moja kwa moja kwamba ni ukuta wa Kefa, ameuharibu yeye, na sasa anataka mtu wa kuubeba. Nilipanda boda nikiwa natabasamu.

Nilimkuta Kefa amesimama karibu na mlango wa sebule, kofia mkononi. Sikumsalimia. Nilishusha TV, nikafungua kifuniko cha soketi nyuma yake, nikashika kebo na kuivuta. Haikusogea hata kidogo. Nikachukua tindo, nikagonga kidogo chini ya soketi, plasta ikadondoka, na hapo nikaona. Hakuna paipu. Kebo imelazwa kwenye mfereji usiozidi unene wa kidole, ikabanwa na simiti, na imeandamana na waya wa stima bega kwa bega, ukuta mzima, kama wachumba. Kwenye kona imekunjwa kama goti. Mtu yeyote aliyewahi kufundishwa angeona haya.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, Mzee, ndani ya sebule ya watu, kisha nikageuka nimtazame Kefa vizuri.

"Aliyefanya kazi hii," nikasema, "angeachiwa achunge mbuzi, na hata mbuzi wangemkimbia."

Kefa akaangalia chini.

"Huyu hakufundishwa," nikaendelea, maana nilikuwa nimeonja na ilikuwa tamu. "Na kama alifundishwa, basi amemwaibisha aliyemfundisha. Angepewa koleo, si tindo. Bwana Tobias, huyu mtu alikudanganya akiwa ndani ya nyumba yako, anakunywa maji yako."

Niligonga tena na tena, na kila kipande cha plasta kilipoanguka niliongeza neno. Sijui nilisema kwa muda gani. Nakumbuka tu kwamba hakuna aliyenijibu, nami nikachukulia kimya chao kuwa ushindi.

Hatimaye Bwana Tobias, aliyekuwa ameketi kwenye mkono wa kochi, akakohoa.

"Binti, usimtukane sana. Mzee alikuwa mgonjwa."

"Mzee gani?"

"Mzee Ojwang'. Si ndiye mwalimu wako?"

Niliifuta ncha ya kebo kwa kidole. Kilikuwepo kipande cha plasta ya kidonda, ile uliyokuwa ukiwekea kebo alama kwa sababu hukuamini karatasi za gundi. Na juu yake, kwa kalamu, herufi zako kubwa: SKRINI. Ile R yako inayoegemea kama mlevi.

Nililiweka tindo chini. Kwa kweli sikuliweka, lilianguka.

Bwana Tobias alinieleza taratibu, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Ulikuja peke yako. Uligonga ukuta mara nne au tano, ukaketi. Ukagonga tena, ukaketi. Mkono wa kulia haukupanda kupita bega, ukawa unaushika kwa wa kushoto na kuusukuma juu. Uliomba maji, ukaomba tena. Yeye mwenyewe alikuambia, "Mzee, hakuna haraka, tungoje yule binti wako arudi." Ukamjibu kwa lile jina ulilonipa, binti wa Usenge: "Nyar Usenge yuko kwao. Mama yake anamhitaji."

Mama yangu ananihitaji!

Wiki ile ni wewe uliyeniita asubuhi ukasema, "Nyar Usenge, umekaa sana bila kumwona mama. Nenda. Kaa hata wiki mbili." Nilienda nikiwa nimejaa shukrani. Mama alinikuta kwenye lango akashtuka, akauliza kama nimefukuzwa kazi. Hata omena hawakuwa wakivuliwa siku hizo, kwa hivyo hakukuwa na cha kuanika. Nilikaa ufukweni nikila bure, nikimwambia kila mtu Usenge kwamba mwalimu wangu ana utu. Na wewe ulikuwa Milimani ukichonga mfereji wa kidole kimoja, kwa sababu mfereji wa paipu ulihitaji bega ambalo hukuwa nalo. Miezi mitatu baadaye ulilazwa, ndipo daktari akatuambia ugonjwa ulianzia pafuni, zamani, na umepanda hadi begani.

Nilitoka nje nikasimama kando ya pikapu ile mbaya. Kefa akanifuata.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilifungua kifuniko asubuhi. Nikaona mwandiko."

"Na umekaa hapo nikikutukana! Mbona hukusema?"

"Ungeniamini?"

Nisingemwamini.

"Niliona ni ya Mzee, nikasema imenishinda," akasema. "Sikutaka kuwa mtu wa kuifungua."

 Nilitafuta kamera mahali fulani nyuma yangu, kama kule mazishini. Haikuwepo. Basi nakiri siku hiyo Kefa alifanya jambo la mtu mzima. Lakini mshale aliugeuza, Mzee. Hilo halifutiki.

Kutoka Milimani nilienda moja kwa moja Otonglo kwako. Mama Risper alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga za osuga. Nilimweleza nilichokiona ukutani, na nilikieleza vibaya, kwa sauti ya juu, majirani wakasimama. Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kuchambua majani.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimvua shati kila jioni," akasema. "Mkono ulikuwa umekataa. Aliniapisha nisikwambie."

"Kwa nini, Mama? Mimi nilikuwa mtu wa nje?"

"Alisema ukijua, hutamwita tena fundi. Utamwita mgonjwa."

Nilitoka bila kuaga. Baadaye nilirudi kumwomba radhi, na nikamletea samaki, lakini siku hiyo nilitoka bila kuaga.

Kisha nilikudharau. Nataka ulisikie neno hilo kutoka kwangu, kwa sababu kaburini hawakulisema. Kule walisema mnyenyekevu, mcha Mungu, mwalimu wa wengi. Mimi nilikudharau siku tatu mfululizo. Nilipita kwenye duka la vifaa nikaona paipu zimepangwa, na nikakudharau. Ulinichapa maneno mbele ya wateja kwa sababu ya kona moja iliyokunjika. Ulinifanya nivunje ukuta wa mwalimu mkuu kule Mamboleo nikaurudie wote, kwa kuwa nilipitisha kebo karibu na stima kwa urefu wa kiganja. Nikalia siku hiyo, nawe ukasema machozi hayapanui mfereji. Halafu wewe! Ulikuwa tayari kumwachia mtu ukuta wa uongo kuliko kuniacha mimi niuone mkono wako ukikataa kupanda. Kiburi cha namna gani hicho? Mtu aliyekuwa akiwacheka matajiri kwa kupaka dhahabu ncha za kebo, kumbe naye alikuwa anapaka juu ya kitu kilichooza.

Siku ya nne hasira iligeuka ikanitazama mimi.

Kwa sababu nilikuwepo, Mzee. Nilikuwa kando yako karibu kila siku. Mwaka ule wa mwisho ulianza kunipa grainda, na kabla ya hapo hukuwahi kuniachia nyumba yenye vigae vya bei. Kisha ukanipa tindo. Kisha ukasema ngazi ni ya vijana, nipande mimi, utasimama chini unielekeze. Ulianza kunywa chai kwa mkono wa kushoto. Ulianza kunituma nibebe begi. Na mimi nilidhani nimepandishwa cheo. Nilimpigia mama simu nikamwambia, mwalimu sasa ananiamini, ananiachia kazi zote. Nilinunua ovaroli mpya. Nilikuwa juu ya ngazi nikijiona, nawe uko chini unakufa, na mimi sikutazama chini hata mara moja.

Fundi mzima wa kutafuta hitilafu. Naweza kukuambia kebo imekatikia mita ya ngapi nikiwa nimefumba macho.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kwa Bwana Tobias. Kefa alikuja na pikapu yake, bila kuitwa, akasema atabeba vifusi. Nikamwambia abebe na anyamaze. Nilichonga mfereji mpya mbali na stima, umbali wa mkono mzima, na pale njia zilipolazimika kukutana nilizivusha kwa kukingama, kisha zikaachana. Niliweka paipu pana, ya kupitisha ncha ya kebo bila kusukumana nayo. Kona nilizipinda polepole, mviringo mrefu, kama njia ya maji. Kebo niliyochagua haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa ile inayofaa urefu ule na picha ile, basi. Nikaacha kamba ndani. Kisha nikavuta, nikawasha, nikatazama.

Bwana Tobias aliweka video ya harusi ya binti yake. Picha ilikuja safi hata ukaona jasho kwenye paji la uso la mchungaji. Aliitazama amesimama, mikono nyuma. Jokofu likanguruma jikoni. Sote watatu tukashika pumzi kama wajinga. Haikukatika.

Ndipo nikamruhusu mtu wa plasta aingie.

Nilipokuwa nakusanya vyombo, Bwana Tobias aliniuliza kwa upole, "Majirani wameona vumbi. Wakiniuliza ukuta ulikuwa na nini, niseme nini? Naweza kusema ni panya."

Alikuwa anakupa njia ya kutokea. Ni mtu mwema. Kefa naye alinikonyeza nikubali. Kwa kweli niliyafikiria hayo mapanya, Mzee, niliyafikiria kabisa. Nusu ya wateja wangu wananiita kwa sababu ya jina lako.

"Sema Mzee Ojwang' alikosea," nikamwambia. "Sema alikuwa mgonjwa na hakutaka msaada. Sema hivyo hivyo."

Tangu hapo kazi tatu zimeniponyoka, nadhani kwa sababu hiyo, na yule wakili wa Riat hajarudi kwangu. Sawa. Ukuta wake utaniita wenyewe.

Nimepita nyumba zote ulizofanya mwaka ule bila mimi, zile siku ulizonituma kwingine. Sikuwaambia wenyewe kwa nini nimekuja, nilisema ni ukaguzi wa bure, wakafurahi, watu wanapenda neno bure. Nyingi ni nzuri, paipu ziko, kamba ziko. Mbili si nzuri. Nitazifungua baada ya mvua, moja baada ya nyingine, na sitacheka.

Kile kipande cha plasta chenye R ya kilevi sijakitupa, lakini pia sijakiweka mahali pa heshima. Kiko kwenye kopo la misumari.

Hasira haijaisha. Nadhani itakuwa inakuja na kwenda, nami sitaipiga vita, kwa sababu ndiyo inayonifanya nizungumze na wewe. Jumapili nitakuja Otonglo kumsaidia Mama Risper, taa ya veranda inazimika zimika, na nitapita hapo ulipolala. Usitarajie maua. Nitang'oa magugu, nitakusema kidogo, nitaondoka.

Ahadi yangu ni moja. Siku mkono wangu utakapokataa kupanda, nitamwambia mtu siku hiyo hiyo, kabla sijaugusa ukuta wa mtu. Hata kama aliye karibu ni Kefa.

Oriti, Japuonj. Lala, mwalimu wangu.

Akinyi